Simu ya Pili

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko Kariakoo, kwenye korido ya jengo moja karibu na Mtaa wa Aggrey, na nimekaa hapo tangu mwaka 2013. Kinachonifanya niandike ni simu moja niliyoiua mwaka 2015, na mama mmoja ambaye, baada ya mimi kuiua simu yake, alinikabidhi nyingine nzima. Sikustahili kupewa ile ya pili. Namshukuru Mungu, na ninamshukuru yeye, na ninaandika kwa ajili ya yeyote aliyekaa leo kwenye meza kama yangu akiwa na haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Niliingia kwenye kazi hii kwa njia ya mkato. Nilianza kwa kuuza vocha na makava, huku jicho langu liko kwa jamaa wa meza ya jirani aliyekuwa anaflashi simu, yaani kuziandikia programu upya. Wakati ule simu za bei nafuu za kugusa zilikuwa zinamiminika sokoni, nyingi zikiwa na chipu za MediaTek, hasa MT6572. Programu ya kuziflashi, SP Flash Tool, inapatikana bure. Nikanunua kompyuta iliyotumika, waya wa USB na bando, nikabandika karatasi ukutani: TUNAFLASHI SIMU ZA AINA ZOTE.

Kwa kuitazama, kazi ilikuwa nyepesi. Unatafuta kwenye intaneti faili lenye jina la ile simu. Unalishusha. Ndani yake kuna faili dogo, mafundi tunaliita skata, ambalo ndilo ramani: linaiambia kompyuta kila kipande cha programu kikae wapi kwenye kumbukumbu ya simu. Unachagua, unabonyeza, unachomeka simu ikiwa imezimwa. Mstari unatembea mpaka mwisho, alama ya kijani inatokea, unapokea elfu kumi na tano. Mteja anaiona simu yake imewaka na nembo mpya, anakuita bingwa. Mimi nilianza kuamini.

Kwenye programu hiyo kuna mahali pa kuchagua. Unaweza kuiamuru iandike vipande vipya tu, na unaweza kuiamuru ifute kila kitu kwanza, ndipo iandike. Mimi nilipenda kufuta kila kitu. Nilidhani huo ndio usafi wa kazi. Kuna pia kidirisha kingine pembeni, cha kusoma kilichomo ndani ya simu na kukihifadhi kwenye kompyuta kabla hujagusa chochote. Kidirisha hicho nilikipita miaka miwili bila kukifungua hata mara moja. Nilijua ni cha nini. Niliona kinanipotezea muda.

Zipo simu zilizotoka mezani kwangu zinawaka lakini hazishiki laini, kwa sababu namba zao za utambulisho, IMEI, zilikuwa zimefutika. Na hapo nilikuwa na dawa yangu. Niliziandikia namba nyingine. Mara nyingine nilinakili ya simu iliyokuwa karibu, mara nyingine nilibuni tarakimu mwenyewe mpaka zikatimia 15. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inakataza jambo hilo, na nilikuwa nimesikia kwamba inakataza. Niliendelea. Sina njia ya kulisema hili likawa zuri.

Ng'ambo ya korido alikaa mzee anayetengeneza redio na amplifaya. Alikuwa na daftari la shule lililochakaa, na kabla hajapasha moto pasi ya kulehemu alikuwa anachora. Waya mwekundu umetoka wapi, mweusi umeingia wapi, spika ya kushoto imeshikwa mguu wa ngapi. Wakati yeye anachora redio moja, mimi nimeshapokea hela za simu tatu. Siku moja nilipompa shikamoo aliuliza, akiwa hajainua macho kutoka kwenye daftari, "Hizo simu zako, ukikosea unazirudishaje zilivyokuwa?"

Nikamjibu, "Intaneti ina kila kitu, mzee."

Hakuniuliza tena.

Mama alikuja siku ya Jumanne, katikati ya mwaka 2015. Anauza mkaa Mbagala, kwa gunia na kwa kopo. Simu yake ilikuwa inafanya kazi. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau haraka sana: simu ilikuja ikiwa nzima. Shida yake ilikuwa matangazo yanayojitokeza yenyewe na kumla bando. Kulikuwa na programu mbili za kuondoa, kazi ya dakika kumi. Lakini niliitazama ile simu nikaona toleo lake la Android ni la zamani, nikataka kuonyesha uwezo. Nikamwambia, "Mama, ngoja nikuwekee toleo jipya kabisa. Itakuwa kama umenunua nyingine."

Akasema, "Wewe ndiye unayejua, mwanangu."

Nikalipata faili lenye jina lile lile lililoandikwa mgongoni mwa simu. Nikachagua kufuta kila kitu. Alama ya kijani ikatokea. Nilipoiwasha, kioo kikawa cheupe, cheupe tupu kama karatasi.

Nikashusha faili jingine la jina hilo hilo. Safari hii picha ikaonekana, lakini kugusa kulikuwa kumegeuka: ukibonyeza chini, panaitika juu. Laini haikusoma. Nilipopiga *#06# kuona IMEI, hakukuwa na namba. Nikafungua orodha ya Wi-Fi, na badala ya majina ya mitandao ya jirani, jina la kwanza lilikuwa maandishi haya: NVRAM WARNING: Err = 0x10. Nilikuwa nimeyaona kwenye simu nyingine kabla ya hiyo, nikiyapita kama ninavyopita tangazo ukutani. Nikajaribu faili la tatu. Simu ikawa giza, haiitiki hata chaji.

Leo najua kilichotokea. Simu mbili zenye jina moja mgongoni si lazima ziwe kitu kimoja ndani. Kiwanda hutumia vioo kadiri vinavyopatikana, na kila aina ya kioo na ya kigusio inahitaji maelekezo yake ndani ya programu. Faili nililoshusha lilikuwa la mwenzake, si lake. Na kwenye kumbukumbu ya simu za namna ile kuna kipande kidogo kinachoitwa nvram. Humo ndimo inamokaa IMEI, anwani ya Wi-Fi, na vipimo vya redio. Kila simu hupimwa peke yake kiwandani, mitambo yake ya mawimbi ikarekebishwa, na matokeo yakaandikwa humo. Hakuna mtandao wowote wenye nakala ya vipimo hivyo. Viko mahali pamoja tu duniani, ndani ya simu hiyo hiyo uliyoishika, na mimi nilikuwa nimevifuta ili kazi iwe safi.

Mama alirudi saa kumi jioni. Nikamwambia faili linashuka taratibu, arudi kesho. Kesho yake nikamwambia umeme ulikatika. Siku ya tatu nikamwambia neno ambalo bado linaniuma. Nilisema, "Mama, simu yako ni feki. Kioo kilikuwa kibovu tangu mwanzo."

Alikaa kwenye kigoda changu cha wateja akaniangalia. Hakupandisha sauti. "Ilikuwa inaongea nilipokuletea," akasema.

Akaondoka kupanda daladala la Mbagala bila simu.

Jioni ile sikufunga meza mapema. Niliichomeka tena ile simu iliyokufa, sijui kwa nini, pengine kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Kioo giza. Lakini kompyuta ililia ile sauti yake ya kutambua kitu kimechomekwa. Nikachomoa, nikachomeka, ikalia tena. Ndani ya chipu kuna kipande kidogo sana cha programu kilichochomwa kiwandani, nacho hakifutiki kwa waya wala kwa amri yoyote. Nilikuwa nimefuta kila kilichoweza kufutwa, na hicho kikabaki kinanisubiri. Nilikaa pale nikisikiliza ile sauti, na sioni aibu kusema kwamba machozi yalinitoka.

Mzee wa redio alikuwa anafunga. Nikamweleza yote, hata uwongo wa siku tatu. Hakunisema. Alilifungua daftari lake kwenye ukurasa wa redio moja ya mbao, akanionyesha michoro miwili ubavu kwa ubavu. Redio hiyo ililetwa kwake ikiwa imeshachokonolewa na fundi mwingine, nyaya zimetolewa zote. Akamwomba mwenye redio amtafutie nyingine iliyotoka kiwanda kimoja, akaichora ile nzima, kisha akarudi kuifunga iliyoharibika.

"Hakuna pacha wa hiyo simu?" akauliza.

"Kwa jina ziko nyingi, mzee. Ndani hazifanani."

"Sikukuuliza jina. Iliyonunuliwa siku moja, duka moja."

Kesho yake nilimsubiri mama, hakuja. Nikapanda gari mpaka Mbagala, nikauliza watu, nikampata kibandani kwake anapima mkaa. Nikasema, "Shikamoo, mama. Simu yako nimeiharibu mimi. Haikuwa feki. Nilikudanganya." Nilikuwa nimepanga maneno mengine ya kuomba muda, lakini hayakutoka. Nikamuuliza pia kuhusu majina ya wateja wake, ambayo sikuwa nimeyatoa kabla ya kufuta. Akanyoosha mkono chini ya meza akatoa daftari jeusi kwa vumbi la mkaa, majina na namba na madeni, ukurasa baada ya ukurasa. "Majina ninayo," akasema. "Ulidhani naiamini simu?"

Ndipo nikamweleza habari ya pacha. Sikuthubutu kuomba. Nilisema tu kwamba ingekuwepo nyingine iliyonunuliwa pamoja na hiyo, ningeweza kusoma ilivyo ndani. Akanyamaza muda mrefu, anafunga kopo moja la mkaa kwenye mfuko, anapokea mia tano ya mteja. Kisha akasema siku ile alinunua mbili. Moja yake, moja ya binti yake anayesoma chuo Dodoma.

Baada ya wiki moja alikuja mezani na kipande cha khanga kilichofungwa fundo. Binti aliituma kwa basi, mama akaipokea Ubungo. Akafungua fundo, akaiweka ile simu kiganjani mwangu, akavuta kigoda akakaa.

Wewe unayesoma, sijui kama umewahi kupewa kitu na mtu uliyemwibia. Nilikuwa nimeflashi mamia ya simu bila kufikiri, na mikono yangu ilikuwa mikavu. Siku ile mikono ilitetemeka. Nilifungua mfuniko wa nyuma. Chini ya betri palikuwa na karatasi nyeupe ndogo yenye IMEI. Nikaiandika kwenye daftari nililokuwa nimenunua asubuhi hiyo. Nikafungua kile kidirisha cha kusoma. Nikakagua mara tatu kwamba sijabonyeza cha kuandika. Kisha nikachomeka waya.

Ilichukua zaidi ya robo saa. Mstari ulikuwa unatembea polepole, asilimia moja moja, na hatukuongea. Wateja wawili walikuja nikawaomba wasubiri, mmoja akaondoka. Iliposema imemaliza nikasoma mara ya pili vile vipande muhimu, nikalinganisha mafaili, yakawa sawasawa. Nikaiwasha simu ya binti. Ikawaka kama ilivyokuja, picha yake na wenzake wa chuo kwenye kioo. Nikairudisha kwenye khanga na kumkabidhi mama kabla sijafanya kitu kingine chochote. Ilikuwa mara ya kwanza simu kutoka mikononi mwangu ikiwa vile vile ilivyoingia, na ndiyo kazi bora niliyokuwa nimeifanya mpaka siku ile.

Kutoka kwenye nakala hiyo niliandika kwenye simu iliyokufa vipande vya kuwashia, nembo na mfumo wenyewe. Nvram ya binti sikuigusa, maana zingezaliwa simu mbili zenye utambulisho mmoja. IMEI niliirudisha ile ile ya mama, iliyobandikwa chini ya betri yake mwenyewe. Simu ikawaka. Kioo sawa, kugusa sawa. Lakini vipimo vya redio havikuwa na pa kutoka tena. Mtandao ulishika nusu, na nyumbani kwake, alikuja kuniambia, ilimbidi asimame mlangoni ndipo asikike. Hilo sikuweza kulitengeneza, na nilimwambia hivyo usoni.

Nikamrudishia elfu kumi na tano yake. Akahesabu, akatoa elfu tano akaiweka mezani. "Hii ni ya leo," akasema. "Leo umefanya kazi."

Ningependa kukuambia kwamba tangu siku hiyo yote yalinyooka. Hayakunyooka.

Kwanza, yaliyopita yalinifuata. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kuzima simu bandia, na siku ikawa tarehe 16 Juni 2016. Wiki za mwisho kila mtu Kariakoo alikuwa anapiga *#06# na kuhakiki namba yake. Nilijua ni nani watakuja. Ijumaa ya tarehe 17, ndani ya mwezi wa Ramadhani, walianza kufika asubuhi, watu niliowabunia namba miaka miwili nyuma, simu zao hazina mtandao. Wengine walidhani simu zao ndizo zilizokuwa feki, na wangekubali kama ningesema hivyo. Neno lile lile lilikuwa mdomoni mwangu, jepesi kabisa. Nilimkumbuka mama kwenye kigoda. Niliwaambia ukweli mmoja mmoja. Waliokuwa na boksi la simu au karatasi ya chini ya betri, niliwarudishia namba zao halali. Wasiokuwa nazo niliwalipa kidogo kidogo, na ilinichukua zaidi ya mwaka. Mmoja alinizaba kofi mbele ya watu. Sikuwa na la kujibu.

Pili, nilijifunza kuchukua nakala kabla sijajifunza kuitunza. Kipindi simu nyingi zilikuwa zinawekewa TWRP, ambayo hukuwezesha kunakili mfumo mzima kwa kubonyeza kioo tu, nilichukua nakala ya simu ya kijana mmoja kwa uangalifu wote, nikaihifadhi ndani ya kumbukumbu ya simu hiyo hiyo. Kisha nikafuta kumbukumbu ili niweke mfumo mpya. Nakala ikaondoka pamoja na kilichonakiliwa. Nilisimama pale nikashindwa kuamini kwamba ni mimi, baada ya yote. Nikamwita kijana siku hiyo hiyo na kumweleza. Angalau kwenye hilo sikuchelewa siku tatu.

Tangu hapo nakala haibaki kwenye simu. Inakwenda kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta inakwenda kwenye diski ya nje, kwa sababu diski yangu ya kwanza ilikufa na mafaili yote. Na siitegemei nakala ambayo sijaifungua. Niliwahi kuhifadhi faili lenye ukubwa sawasawa kabisa na unaotakiwa, na ndani lilikuwa limejaa sifuri mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa nilikosea anwani ya kuanzia kusoma. Kwa macho lilikuwa nakala.

Kuna jambo la siri pia, na sisi mafundi hatulisemi vya kutosha. Ukisoma simu nzima umesoma na picha za mtu, na meseji zake. Simu ya binti wa yule mama niliisoma yote kwa hofu, nami nilikuwa na maisha ya msichana wa watu kwenye kompyuta yangu. Nilibakiza vipande vya mfumo, vilivyobaki nikavifuta siku hiyo hiyo. Siku hizi namwambia mteja kabla: nitanakili hivi, hiki sitakigusa, ukichukua simu yako nitafuta hiki. Wengi hawajawahi kuulizwa. Hushtuka kidogo, kisha hukaa vizuri kwenye kigoda.

Kazi yenyewe imebadilika sana. Simu mpya mlango wake wa kuwashia una kufuli la kiwanda, na ukilifungua, data yote ya mwenye simu hufutwa, ndivyo zilivyotengenezwa. Kwa hiyo picha na majina hutolewa kwanza kabisa, kabla ya mazungumzo mengine yote. Simu zenye chipu za Qualcomm, vile vipimo na utambulisho vinakaa kwenye vipande vinavyoitwa modemst1, modemst2, fsg na persist. Samsung wana kipande chao, EFS. Ni vidogo ukivilinganisha na mfumo mzima, vinaingia kwenye diski bila kuhisiwa, na ndivyo ambavyo mtu akivipoteza hakuna anayeweza kumpa vingine. Mfumo wa kiwandani mara nyingi utaupata tena. Hivyo hutavipata. Na yapo mambo ambayo hata nakala haiyarudishi: simu nyingi za Samsung zina fyuzi ya Knox, ambayo ukiweka programu isiyo ya kiwanda hugeuka kutoka 0x0 kwenda 0x1, na inabaki hivyo siku zote za maisha ya simu. Mteja akitaka nibadilishe, namwonyesha hilo kwanza. Wengine hughairi na kuondoka, na elfu kumi na tano yangu inaondoka nao.

Bado napambana na haraka. Jumamosi korido ikijaa, watu watano wamesimama, na mstari wa kusoma uko asilimia 31, mkono wangu unautafuta waya wenyewe. Miaka yote hii na bado unautafuta. Nimejizoeza kuinuka. Nachomeka, naanza kusoma, naondoka mezani, naenda kusimama kwa mzee wa redio mpaka niisikie kompyuta. Yeye huendelea kuchora. Daftari limeshabadilika mara kadhaa, hili la sasa lina jalada la bluu.

Mama bado anauza mkaa, na ile simu ya kusimamia mlangoni aliiacha muda mrefu uliopita. Mwaka jana alikuja na nyingine, ya kisasa, imeganda kwenye nembo haitoki. Nilikuwa na watu. Nikaipokea, nikapangusa vumbi jeusi kwenye tundu la chaji, nikachukua waya. Alivuta kigoda, akakisogeza mpaka karibu na kompyuta, akainamisha kichwa kuangalia kioo.

"Mwanangu," akasema, "ile nakala umeshaichukua?"

Nikageuza kompyuta ili aone mstari unavyotembea. Ulikuwa asilimia nne.